Swali la Sita Kwenye Fomu ya Mbwa

Mimi naogopa mbwa. Nalisema mapema ili msomaji anayefuga mbwa na kumlaza kitandani aamue kama ataendelea nami au ataniacha hapa. Sisemi kwamba siwapendi, au kwamba nachukia manyoya yao kwenye sketi. Nasema kwamba nikimwona mbwa magoti hulegea, mate hunikauka, na kama kuna mtu karibu humshika mkono bila kumwomba ruhusa. Nimewahi kumshika hivyo mzee mmoja wa Kisikh nisiyemjua, kwenye kituo cha basi hapa Bordesley Green, Uingereza. Alikuwa muungwana. Aliuacha mkono wake hapo mpaka mbwa akapita na mwenyewe, kisha akaniambia kwa Kiswahili safi cha Nakuru, "Pole, mama." Nikatamani ardhi inimeze.

Nilikokulia Kenya mbwa hakuwa mnyama wa kubembelezwa. Kwenye mageti ya wenye nafasi paliandikwa MBWA KALI kwa rangi nyekundu, na sisi tusiokuwa na geti tulikuwa na mbwa koko. Msichana wa jirani, tuliyekaa naye dawati moja, aliumwa na mmoja wao akitoka dukani. Jeraha likapona, watu wakasahau, hata mama yake akasahau. Halafu siku moja akaanza kuogopa maji ya kunywa. Nilimwona mara moja tu kupitia dirishani kwao, na nilichokiona sikielezi hapa. Wanaosema mbwa abwekaye haumi hawakutuambia lolote kuhusu yule asiyebweka.

Baada ya mazishi, watoto wote wa mtaa wetu tulifundishwa somo moja. Ukikutana na mbwa usikimbie, usipige kelele, usimtazame machoni. Simama wima, mikono mbavuni, uwe kama nguzo mpaka achoke nawe aende zake. Watu wengi niliokutana nao kutoka pande zetu, wawe wa Kisumu, Mwanza au Bukavu, walifundishwa hivyo hivyo. Hapa Uingereza sijaona mtoto anayefundishwa kuganda, kwa sababu hapa mtoto anayemwogopa mbwa hupiga mayowe na mwenye mbwa huomba msamaha.

Nafanya kazi ya usaidizi wa darasa katika shule ya msingi moja huko Nechells, kati ya maghala ya zamani na nyumba za halmashauri. Wakati ninaousimulia, mkataba wangu ulikuwa wa muda na ungeangaliwa upya Pasaka. Mwalimu mkuu ni mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwenye moyo mzuri na mwendo wa mtu aliyeacha chungu jikoni. Siku moja kwenye mkutano wa wafanyakazi alitutangazia kwamba kila Jumanne tutaletewa mbwa wa tiba, aliyepimwa na kufunzwa, ili akae na watoto wanaoona ugumu kusoma au kuzungumza. Wenzangu wote walisema "Aaah" kwa pamoja, kama wameonyeshwa kichanga. Mimi pia nilisema "Aaah," ila nilichelewa kidogo.

Tukagawiwa kanuni. Waingereza ni watu wa kanuni, na hizi zilikuwa kurasa kumi na moja. Nilizisoma kwenye basi, nikazirudia nikisonga ugali, na nilikuwa nikitafuta kitu kimoja tu: mahali palipoandikwa kwamba mimi sitahusika. Sikupaona. Niliona kwamba mbwa lazima awe na barua ya daktari wa mifugo na chanjo zote. Mwenye mbwa asiiachie kamba hata mara moja. Mbwa asiingie bwaloni wala jikoni. Mlangoni patundikwe kibao cha njano cha kueleza kwamba mbwa yumo. Watoto wanawe mikono kabla na baada. Kikao kisizidi dakika ishirini, kisha mbwa apumzike kwenye mkeka wake, na akiwa mkekani asiguswe na mtu yeyote, hata mwalimu mkuu.

Palikuwa na ukurasa mzima wa dalili za mbwa aliyechoka au aliyeingiwa na woga. Akipiga miayo, akijilamba midomo, akigeuza kichwa, akionyesha weupe wa jicho, basi kikao kisimame hapo hapo. Kuhusu mtoto palikuwa na mstari mmoja na nusu: mtoto anaweza kusimamisha kikao wakati wowote kwa kusema, au kwa kuinua mkono. Niliusoma mstari huo nikausifu. Nilidhani unatosha.

Nyuma kabisa palikuwa na fomu mbili. Moja ya mzazi, yenye maswali manane. Nyingine ya mfanyakazi atakayekaa kwenye kikao, na hiyo iliuliza waziwazi: una hofu yoyote kuhusu mbwa? Nikatia alama kwenye Hapana.

Nilidanganya kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa ameshaniambia kwenye korido kwamba mtoto wa kwanza kwenye orodha ni yule msichana ninayemsaidia darasani, na kwamba mimi ndiye pekee shuleni ninayejua lugha yake. Alisema "bahati yetu kuwa nawe." Mtu aliyeambiwa hivyo kabla ya Pasaka haendi kusema anaogopa mbwa. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, lakini kunguru huyo hana mkataba wa muda.

Nyumbani nilimweleza binti yangu wa miaka kumi na sita. Yeye alizaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote na hakijibu hata kidogo.

"Mum, it's just a dog," alisema bila kuinua macho kwenye simu.

"Hata simba ni paka tu," nikamwambia. Akacheka. Mimi sikucheka.

Msichana niliyepewa alikuwa na miaka saba. Alikuja na mama yake kutoka Kongo, wakipitia Uganda, na tangu aanze shule Septemba hakuwa ametamka neno hata moja ndani ya uzio ule. Si kwamba hakuweza. Mama yake alisema nyumbani anaongea mpaka jirani anagonga ukuta. Lakini akivuka geti la shule alifunga mdomo kama mtu aliyeweka kitu cha thamani mfukoni, na hakuufungua mpaka jioni. Kazi aliandika, hesabu alizipata, maelekezo yangu ya Kiswahili alifuata. Aliitikia kwa kichwa. Kukataa hakuwahi kukataa lolote. Umpe kalamu, umpe uji asioupenda, umwambie akae karibu na mtoto anayemchokoza, yeye huitikia tu. Wenzangu walisema ana adabu. Mimi nilijua ile si adabu tu, ila sikuwahi kukaa chini nikaifikiria sawasawa.

Wataalamu walishauri amsomee mbwa. Walieleza kwamba mbwa hasahihishi matamshi wala hacheki, na wapo watoto ambao neno lao la kwanza shuleni lilikwenda kwa mbwa. Mwalimu mkuu aliamini hivyo kwa moyo wote. Nami, Mungu anisamehe, nilitaka liwe kweli.

Mama yake alifanya kazi kwenye ghala la vifurushi lililo karibu na shule. Nilimpigia simu saa ya mapumziko yake ili nimsomee fomu kwa Kiswahili, nikiwa nimekaa kwenye kijistoo cha vitabu na kalamu mkononi. Nyuma yake nilisikia mashine na watu wakiitana. Swali la kwanza lilihusu kifua na pumu. La pili mzio wa manyoya. La tatu dini, kama ina katazo lolote. Alijibu "hapana, mama," "hapana, mama," haraka, kama mtu anayejua mapumziko ni mafupi.

Swali la sita lilikuwa hili: je, mtoto amewahi kuogopeshwa au kuumizwa na mbwa, au kushuhudia jambo hilo?

Nililisoma kimoyomoyo, kisha sikulisoma kwa sauti. Kwetu mtu aliyetoka vitani humwulizi alichokiona. Unampa chai, unasubiri aseme mwenyewe siku akitaka, na asipotaka mnaongea habari za hali ya hewa. Kumwuliza mwanamke yule, katikati ya mashine, mbwa wamewafanya nini watoto wako, niliona ni utovu wa adabu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Na kweli ilikuwa hivyo kwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa jibu. Kama angesema ndiyo, ningelazimika kulipeleka kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu angeniuliza maswali, na katika maswali hayo hofu yangu ingetoka nje kama titi la mnyonyeshaji kanisani.

Nikaruka. Nikatia alama ya Hapana kwa mkono wangu, nikaenda la saba.

Mwishoni nikamwuliza kama anakubali mtoto akae na mbwa kila Jumanne.

Alinyamaza. Nilidhani simu imekatika.

"Wewe utakuwa mule ndani?" akauliza.

"Nitakuwepo, mama."

"Basi hakuna shida."

Nimekaa na watu wetu miaka mingi ya kutosha kujua kwamba "hakuna shida" inayokuja baada ya kimya si kibali. Mwalimu akikuomba jambo unakubali, kwa sababu ni mwalimu, halafu unakwenda kuubeba mzigo nyumbani. Nilijua. Nikaandika kwamba mzazi amekubali.

Jumanne ya kwanza mbwa aliletwa na mzee mstaafu, zamani dereva wa basi, mpole, mwenye sauti ya chini. Mbwa mwenyewe alikuwa mkubwa, wa rangi ya biskuti, amevalishwa kikoti cha kijani. Sikutegemea awe mkubwa vile. Tukaingizwa kwenye chumba kidogo cha kusomea: mbwa kwenye zulia, mzee kwenye kiti ameshika kamba, msichana kwenye mto, na mimi nyuma yake kidogo kwenye kiti cha watoto, magoti yakigusa kidevu. Kibao cha njano kikatundikwa, mlango ukarudishwa. Nilisikia kitasa kikilia.

"Mshike mkono kama unaona itamsaidia," mzee aliniambia.

Niliushika mkono wa kushoto wa mtoto. Mkono wa kulia mzee aliuelekeza taratibu mpaka ukatua kwenye shingo ya mbwa. Kitabu kilikuwa wazi mbele yao. Msichana hakusoma. Hakusogea, hakutikisika, hakumtazama mbwa. Alitazama ukuta, mgongo wima, na kupumua kwake kulikuwa kudogo sana. Mimi nilihesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Kila mbwa alipohema niliona meno. Ulimi wake ulitoka na kurudi, na kila ulipotoka nilisema moyoni, Baba yetu uliye mbinguni, nikashindwa kuendelea na mstari wa pili.

Dakika ishirini zikaisha, mzee akatabasamu.

"Ajabu," alisema. "Sijaona mtoto mtulivu hivi siku ya kwanza."

Neno hilo, mtulivu, lilipanda mpaka ofisini. Jumanne ya pili mwalimu mkuu alichungulia kwenye kioo cha mlango na kuniinulia dole gumba. Ya tatu aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto anaonyesha utulivu mkubwa akiwa na mnyama. Nilipewa niisome na nitie sahihi. Nikatia sahihi. Nilikuwa natoka kwenye vikao vile blauzi imeloa mgongoni, naenda msalani nakaa kwenye choo kilichofunikwa mpaka miguu irudi kuwa yangu, halafu nanawa uso na kurudi darasani kusifiwa. Usiku wa Jumatatu silali. Jumapili kanisani Kings Heath nilikuwa naimba huku nahesabu saa zilizobaki.

Mtaniuliza kama sikuona. Mimi niliyefundishwa kuwa nguzo, nimekaa nyuma ya mtoto aliye nguzo, sikuona? Niliona. Niliona tangu dakika ya kwanza ya siku ya kwanza, mgongo ule niliujua kama ninavyojua mwandiko wangu. Lakini kila nilipotaka kusema, nilikumbuka alama mbili nilizozitia kwa kalamu, yangu na yake, na woga wa watu ukaushinda woga wa mbwa. Sikujua kwamba inawezekana. Kumbe mtu anaweza kukaa chumba kimoja na kitu anachokiogopa kuliko kifo, kwa sababu nje ya mlango kuna mwanamke mwenye faili.

Jumanne ya nne mvua ilikuwa imenyesha na mbwa alinuka unyevu. Mzee alisema mnyama ameanza kumzoea mtoto. Ndipo mbwa akafanya ambacho hakuwa amewahi kufanya: aliinuka kidogo, akajivuta, akaweka kichwa chake chote kwenye mapaja ya msichana. Kichwa kizito. Akatulia hapo, akihema.

Msichana hakusogea. Mkono wake ulikuwa baridi ndani ya wangu.

Baada ya muda mbwa akapiga mwayo. Akajilamba midomo, akageuza uso.

"Amechoka huyu," mzee akasema mara moja. "Kanuni ni kanuni." Akasimama, akamvuta mbwa kwa upole mpaka kwenye mkeka wake pembeni, akamsifu, akamwekea maji. Alifanya kila kitu kama kilivyoandikwa. Mbwa akalala, hakuna aliyeruhusiwa kumgusa.

Na pale kwenye mto, pale kichwa cha mbwa kilipokuwa, niliona soksi ndefu za kijivu za mtoto zimebadilika rangi mpaka magotini, na mto umelowa. Bado alitazama ukuta. Bado alikuwa mtulivu.

Nilivua sweta yangu nikamfunga kiunoni. Nikampeleka msalani kwa mlango wa nyuma, nikamtafutia nguo kwenye kabati la akiba, nikageukia ukuta akabadilisha. Nilimwambia, "Pole, mama. Pole sana." Aliitikia kwa kichwa. Nilipomrudisha darasani nikamkabidhi kwa mwalimu wake, nikaenda moja kwa moja ofisini kabla miguu haijabadili mawazo.

Mwalimu mkuu alikuwa anazungumza kwenye simu. Alinitazama usoni akaikata.

"Mtoto anaogopa," nikasema. "Ameogopa tangu siku ya kwanza. Ule si utulivu. Kwetu ndivyo tunavyofundishwa kukaa mbele ya mbwa ili asituume. Leo amejikojolea na hakuna aliyeona."

Alifunga mlango. Akaketi.

"Lakini angeweza kuinua mkono," alisema. Hakusema kwa ubishi. Alikuwa anatafuta mahali pa kushika.

"Mkono mmoja ulikuwa juu ya mbwa," nikamwambia, "na huo mwingine nimeushika mimi."

Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu ndipo nilipoyaelewa. Jumanne nne nilikuwa nimeushika mkono pekee ambao kanuni zilimwachia.

Basi nikasema na yaliyobaki, kwa sababu ukishatapika nusu hakuna heshima ya kuibakiza nusu. Kwamba naogopa mbwa, na fomu yangu ni ya uongo. Kwamba swali la sita sikumwuliza mama yake, nililijibu mwenyewe. Mwalimu mkuu aliandika yote. Aliniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia niliogopa ataniona sifai. Hakusema nafaa wala sifai. Alisema vikao vimesimama kuanzia sasa, hili ni jambo la ulinzi wa mtoto, niende nyumbani mpaka Alhamisi nitakapoitwa.

Jumatano ile ilikuwa ndefu. Nilipiga pasi nguo ambazo hazivaliwi. Kila simu ilipolia nilidhani ni wao, na ilipokaa kimya nilidhani wameshaamua. Binti yangu alirudi kutoka shuleni akanikuta nimekaa jikoni na koti. Safari hii hakuniambia chochote kwa Kiingereza. Alichemsha maji akanitengenezea chai ya maziwa, sukari nyingi mno, akakaa nami.

Alhamisi asubuhi niliitwa. Niliingia ofisini nikamkuta mama wa mtoto ameketi, bado na fulana ya ghala yenye mistari ya kung'aa. Msichana alikuwa nje kwenye kiti cha korido na kitabu cha picha. Mwalimu mkuu alieleza kwamba walimtafutia mama mkalimani kwa simu, naye akamkataa, akawaambia kwa Kiingereza chake kidogo kwamba atasubiri yule mama. Yaani mimi. Si utaratibu, alisema, lakini mzazi ana haki ya kuchagua.

Ndivyo nilivyoketi kati yao wawili kutafsiri kosa langu mwenyewe.

Mwalimu mkuu alizungumza polepole. Aliomba radhi kwa niaba ya shule. Alisema kwenye fomu kulikuwa na swali ambalo mfanyakazi mmoja hakuliuliza, na badala yake alilijaza.

"Mama," nikasema kwa Kiswahili, "mfanyakazi huyo ni mimi. Kulikuwa na swali, kama mtoto amewahi kuumizwa na mbwa au kuona mtu akiumizwa. Sikukuuliza. Niliandika hapana. Si shule, ni mimi. Naomba unisamehe."

Nilitazama meza. Mikono yake ilikuwa juu yake, imepasukapasuka kwa makaratasi ya maboksi.

"Ungeniuliza, ningesema ndiyo," alisema. "Kule Uganda, kambini, mbwa aliuma dada yake ku muguu. Huyu alikuwa anaangalia."

"Basi kwa nini ulikubali?" Nilimwuliza mwenyewe, sikumsubiri mwalimu mkuu.

"Juu ni wewe njo uliniomba. Nilisema, huyu mama iko mutu yetu, yeye njo atakaa na mutoto. Nitamwambia hapana namna gani?" Alikunja vidole. "Lakini sikiliza, mama. Jumanne ya pili mutoto alirudia nyumbani, ile jioni hakukula. Nikamwambia, sikia, ukiogopa, kimbia. Toka ku mulango, mimi nitaongea na walimu. Akakataa."

"Alikataa?"

"Akasema: siwezi kukimbia. Tantine, njo wewe, iko anaogopa sana. Mukono yake inatetemeka. Nikikimbia, atabakia peke yake na mbwa."

Mwalimu mkuu alikuwa anasubiri, kalamu mkononi. Akaniuliza mama amesema nini.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa Kiingereza yote yaliyosemwa, kambi na dada na mguu na maneno ya mtoto, bila kuruka, na ilinichukua muda kwa sababu sauti ilikuwa inakatika na ilinibidi nianze upya. Mtoto wa miaka saba alikuwa amekaa Jumanne nne na kitu anachokiogopa ili anilinde mimi, niliyelipwa kumlinda yeye. Nililia mbele ya mzazi na mbele ya mkubwa wangu wa kazi, na sikuwa na leso.

Mwalimu mkuu alisema mambo ya barua ya onyo, na kwamba mkataba wangu utazungumzwa baadaye, na kwamba sentensi ile ya kuinua mkono itabidi iandikwe upya na watu wanaojua. Niliyatafsiri hayo pia. Kisha akauliza kama mama angependa niendelee kukaa na mtoto kwenye kusoma, mimi na yeye tu, bila mbwa, au tutafute mtu mwingine.

Nilimwuliza mama.

"Mimi nilishajibu mara moja kwa ajili yake," alisema. "Muulize mwenyewe."

Nikatoka kwenye korido. Msichana alifunga kitabu aliponiona. Nilipiga magoti kwenye sakafu ile baridi, mikono nimeiweka nyuma yangu asiione, nikamwuliza kwa Kiswahili kama anataka niendelee kukaa naye kwenye kusoma. Nikamwambia anaweza kusema hapana, na akisema hapana hakuna mtu atakayeudhika, na mimi nitakuwa salama tu. Sikuwahi kuogopa mbwa yeyote kama nilivyoogopa uso ule mdogo ukinitazama.

Halafu, polepole, akatikisa kichwa. Kushoto, kulia.

Lilikuwa hapana la kwanza alilompa mtu yeyote katika shule ile. Nikamwambia asante. Nikainuka, nikarudi ndani, nikalitafsiri kama lilivyo.